Gari likivutia kushoto, anza kufungua tairi la kulia

Swali la msomaji wa Mikindani:

"Shikamoo fundi. Nina Probox, nabebea samaki kutoka Mikindani kwenda Masasi, mara nyingine Newala. Huu mwezi wa pili sasa nikikanyaga breki gari linakimbilia kushoto, usukani unanigeukia mkononi. Fundi wa kwanza akasema breki ya kushoto inakamata mno, akafungua upande huo akabadilisha pedi. Hali ikabaki ileile, nahisi hata imezidi. Wa pili akanipeleka kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, hatukuona kitu. Nikishuka kutoka Newala, rimu ya kushoto mbele inachoma, huwezi kuweka mkono, ya kulia unaishika bila shida. Fundi wa tatu anataka tubadilishe masta silinda. Hela inaisha na gari bado linavuta. Nishauri."

Marahaba, mdogo wangu. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, usinunue kwanza. Na hilo gari lisipande tena Newala mpaka breki zikae sawa. Kama ni lazima lifike gereji, lifike tupu, polepole, na asubuhi kabla barabara haijajaa bodaboda.

Jibu umeliandika mwenyewe, ila umelipita. Umesema rimu ya kulia unaishika bila shida. Wewe na mafundi mmeshtushwa na rimu inayochoma. Mimi inanishtua ile ya baridi. Gari lina samaki na barafu nyuma, limeshuka kutoka juu ya uwanda wa Makonde, dereva kakanyaga breki kona baada ya kona, halafu breki ya mbele ya upande mmoja inafika chini ikiwa vuguvugu? Hiyo haikufanya kazi. Ilikuwa abiria.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukikanyaga, gari linainama mbele, uzito unahamia huko, na breki mbili za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Zikiwa nzima zote mbili zinapata moto unaokaribiana. Moja ikilala, mwenzake anafanya kazi ya wawili na gari linageukia kwake. Wewe ni mtu wa Mikindani, umepanda mitumbwi tangu utoto: ukizamisha kasia upande wa kushoto na kulishikilia, mtumbwi unageukia wapi? Kushoto. Ndiyo maana gari linalovutia kushoto wakati wa breki mara nyingi ugonjwa wake uko kulia, na fundi akianza na upande linakovutia anamfungua aliye mzima.

Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote. Kuna uwezekano wa pili: breki ya kushoto imebana, haiachii hata ukiondoa mguu, na joto lake linatokana na kusuguana njia nzima. Hali hizi mbili dalili zake zinafanana ukizitazama chini ya mteremko, na tiba zake ni tofauti kabisa. Usifungue bolti hata moja kabla hujazitenganisha. Haigharimu kitu zaidi ya petroli.

Chagua asubuhi gari likiwa limepoa, halina mzigo. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, kisicho na watu. Endesha kilomita 8 au 10 bila kugusa breki kadiri uwezavyo. Mwisho ondoa mguu kwenye mafuta, gari lipungue lenyewe, kisha malizia kwa hendibreki taratibu. Kwenye Probox hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo za mbele unakuwa hujazipasha. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Diski yenyewe usiiguse kamwe, hata ukiona imepoa. Kama kushoto kuna joto na kulia hakuna, breki ya kushoto inabana. Kama zote zimepoa, rudi barabarani, ukimbie kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 20, ongeza tena, punguza tena, kama mara nane hivi. Shuka upime. Kushoto kukiwa moto na kulia kukiwa karibu baridi, umeshajua nani analala.

Kwa maelezo yako naweka dau kwenye hili la pili. Gari linalobana upande mmoja huwa linavuta hata bila kukanyaga breki, linakuwa zito kuondoka na petroli inaliwa zaidi, na hayo hukuyataja. Lakini pima.

Na ukiwa bado nje, maliza mambo mawili madogo ambayo mafundi wengi tunayaruka kwa sababu hayalipi. Upepo wa matairi ya mbele uwe sawa kushoto na kulia, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upimwe tairi likiwa la baridi. Halafu badilisha tairi la mbele kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, kama si aina yenye mshale wa mwelekeo. Gari likibadilisha upande wa kuvutia, ugonjwa ni tairi. Na kumbuka barabara zetu zimeinamishwa kidogo kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari kuserereka kidogo kwenda kushoto ukiachia usukani si ugonjwa. Usukani kugeuka mkononi ukikanyaga breki, huo ni ugonjwa.

Sasa tufungue kulia.

Udongo wetu ni mchanga, na jeki kwenye mchanga ni mtego. Weka kipande cha ubao mpana chini ya jeki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, kisha pandisha. Likishapanda, liweke kwenye stendi. Tofali la saruji si stendi. Linapasuka bila kukuaga.

Kabla ya kufungua kalipa, kile chuma kinachobana diski kwa pedi, zungusha gurudumu kwa mkono gia ikiwa huru. Mkwaruzo mwepesi ni kawaida. Fundi wako anaweza kukuambia mtu akanyage pedali, ajaribu kuzungusha, gurudumu ligome, aseme "unaona, breki ipo". Usikubali. Hata breki iliyochoka inaweza kuushinda mkono wa mtu. Kuisimamisha Probox yenye mzigo kwenye mteremko ni habari nyingine.

Toa kalipa, uifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki, sababu nitakusimulia. Sasa toa pedi zote mbili, ya ndani na ya nje, uziweke pamoja juu ya boneti uzitazame. Pedi ni kama barua iliyoandikwa na kalipa. Kalipa ya gari lako ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili kuivuta pedi ya nje. Pini zikigoma, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo ukikuta ya ndani imelika karibu na chuma huku ya nje ikiwa nene, pini zimekwama. Ukikuta pedi imelika kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, pini moja imekwama na nyingine inateleza, au masikio ya pedi yameshikwa na kutu kwenye kitako cha kalipa. Ukikuta zote mbili bado nene huku za kushoto zikiisha haraka, kalipa ya kulia haisukumi kabisa, na hapo tunahamia kwenye pistoni na mpira.

Kwa gari linalolala Mikindani mita chache kutoka baharini, dau langu la kwanza ni pini. Hewa yenye chumvi inaingia penye mpira wa vumbi uliochanika, grisi inakauka, kutu inaanza, kisha vumbi jekundu la barabara za vijijini linakuja kumalizia kama saruji. Magari ya Masasi hayaniletei ugonjwa huu kwa wingi kama ya pwani.

Chomoa pini kwa mkono. Nzima inatoka na kuingia kwa vidole. Ikihitaji nyundo, umempata mwizi. Isafishe kwa msasa laini; kama kutu imeichimba vishimo, nunua mpya, usiipake grisi ukaihurumia. Tundu lake lisafishe kwa kitambaa na spiriti, likauke. Angalia pia kama pini mbili zinafanana. Kuna kalipa ambazo pini moja ina kimpira au imechongwa tofauti, na ukizibadilishana nafasi kalipa inagoma upya ndani ya wiki. Weka alama kabla ya kuchomoa.

Grisi ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Ile ya beringi, na oili ya injini, zinavimbisha mipira ya breki. Utafunga leo kila kitu kinateleza, baada ya muda mpira unavimba ndani ya tundu na kuikaba pini kuliko hata kutu ilivyoikaba. Tumia grisi ya silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya breki, uipake nyembamba. Ukiijaza tundu zima, hewa haina pa kwenda na pini inarudi nyuma yenyewe. Sugua kitako cha kalipa kwa brashi ya waya mahali masikio ya pedi yanapokaa, mpaka pedi iingie na kutoka kwa kusukuma kwa kidole gumba.

Halafu pistoni. Unganisha kimpira chembamba kwenye nipo ya kutolea upepo, kichovye kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki, legeza nipo, kisha sukuma pistoni irudi ndani kwa klampu. Tunafungua nipo ili mafuta machafu yatoke nje, yasirudishwe juu kwenye mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge. Pistoni nzima inarudi kwa nguvu ya wastani, bila kusitasita. Ikigoma, imeshikwa na kutu au sili imechoka. Mle ndani kuna sili ya mpira inayoishika pistoni. Ukikanyaga inajikunja kidogo, ukiachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni kiasi cha unywele. Hakuna springi kwenye kalipa hii, ni huo mpira tu. Ndiyo maana sili iliyokauka inaweza kuifanya pistoni isitoke vizuri, au ikitoka isirudi. Sili na mpira wa vumbi vinauzwa kwa seti. Pistoni ikiwa na vishimo vya kutu ibadilishe pia, kwa sababu ukiisugua kwa msasa itaikata sili mpya. Na fundi anayeitoa kwa upepo wa kompresa aweke kipande cha ubao mbele yake na vidole vyake viwe mbali. Ile kitu inatoka kama risasi.

Sasa mpira wa breki, na ile hadithi. Nikiwa kijana najifunza kazi Lindi, nilifungua kalipa za pikapu moja nikaziacha zinaning'inia kwenye mipira yake kama kuku wa sokoni. Kazi ilikuwa ndogo tu, pedi mpya. Siku ya tatu gari likarudi, linavutia kulia hata barabara ikiwa tupu, na rimu ya kulia inanuka. Nilifungua kalipa mara mbili, nikasafisha pini mpaka zikang'aa, nikabadilisha sili. Gurudumu likabaki limebana. Mzee aliyekuwa ananifundisha akaja na spana ndogo, akafungua nipo, mafuta yakaruka kidogo, gurudumu likaachia. Akaniachia spana mkononi akarudi kwenye kiti chake. Ilinichukua mpaka jioni kuelewa kwamba mpira ulikuwa umepasuka kwa ndani, na kipande kimelegea kama mlango wa upande mmoja: mguu unasukuma mafuta yanapita, ukiachia hayarudi.

Mpira wa namna hiyo kwa nje unaweza kuonekana mzuri kabisa. Kipande hicho kikiziba njia ya kwenda, kinachelewesha mafuta, na gurudumu hilo linakamata nyuma ya mwenzake, gari linaanza kuvuta kisha linanyooka. Kipimo chake ni hiki. Gurudumu likibana, fungua nipo. Lisipoachia, tatizo ni chuma: pistoni au pini. Likiachia, kulikuwa na mafuta yaliyofungiwa. Kaza nipo, kanyaga pedali libane tena, safari hii legeza nati pale bomba la chuma linapoungana na mpira. Likiachia hapo, mafuta yanazuiwa huko juu kwa masta silinda. Likikataa kuachia hapo lakini kwenye nipo linaachia, mpira ndio mkosaji. Mipira ya mbele badilisha yote miwili kwa pamoja. Na fundi anayebana mpira kwa koleo ili mafuta yasimwagike mwambie aache, maana ndivyo mipira inavyouawa.

Pedi sasa. Fundi wako wa kwanza alibadilisha za upande mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pedi za kampuni moja na nyingine hazishiki sawa hata zikiwa mpya zote, sembuse mpya upande huu na kuukuu upande ule. Inawezekana kabisa hilo ndilo lililozidisha kuvuta. Zinunuliwe boksi moja, nne za ekseli nzima, ziingie siku moja. Kama duka la mjini halina unazozitaka, agiza Dar zije na basi. Kusubiri siku mbili ni bora kuliko kuchanganya. Diski pia itazame: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huwa umechapwa kwenye diski yenyewe, karibu na katikati. Ikiwa chini ya hapo, kuichonga ni kujidanganya. Diski iliyopinda kwa kawaida inatetemesha usukani na pedali, haivuti gari upande mmoja, kwa hiyo usikubali kuuziwa diski kwa ugonjwa huu bila kupimiwa.

Kama pedi za kulia zimelowa oili au grisi, hapo napo ni chanzo tosha. Chunguza mpira wa ekseli kama umechanika na kurusha grisi. Nimeona mafundi wakimwagia pedi petroli na kuziwasha moto ili "oili iungue". Oili imeshaingia ndani ya pedi. Utachoma ya juu, na siku breki zikipata joto ya ndani inapanda. Zitupe.

Nyuma usipasahau, na hapa namsema mfanyabiashara wa samaki zaidi ya dereva. Probox nyuma haina diski, ina breki za dramu. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatafuta tundu sakafuni, yanadondoka kwenye mabomba, kebo ya hendibreki na sahani za dramu. Fungua dramu zote mbili. Wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma shuu, ikivuja utaona breki shuu zimelowa. Badilisha silinda na shuu zote za ekseli hiyo. Kile kirekebisho chenye meno kinachosogeza shuu kadiri zinavyolika mara nyingi kwenye magari ya pwani kinakuwa kimeganda kwa kutu. Kikiganda, shuu zinabaki mbali na dramu, pedali inashuka chini zaidi, na za mbele zinabebeshwa mzigo usio wao. Kisafishe, kizunguke kwa vidole, kisha rekebisha pande zote mpaka dramu iingie na kukwaruza kwa mbali.

Kuhusu masta silinda ya fundi wa tatu, simcheki. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana breki za njia mbili zilizopishana kama alama ya kuzidisha: mbele kulia na nyuma kushoto njia moja, mbele kushoto na nyuma kulia njia ya pili. Njia moja ikifa, gurudumu moja la mbele linabaki bila breki na gari linavuta kweli. Lakini hali hiyo haiji kimyakimya. Pedali inazama kuliko kawaida, mafuta yanapungua kwenye kopo au taa ya breki inawaka. Washa gari, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida, shikilia kama nusu dakika. Ikisimama imara haiendi chini, masta silinda yako haina kesi kwa sasa.

Mafuta ya breki ndiyo ninayotaka uyabadilishe hata kama tatizo limekwisha kwenye pini. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, na sisi wa pwani unyevu tunao wa kutosha. DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha kuchemka si chini ya nyuzi joto 205. Ikishanywa maji kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko wa Newala, gurudumu moja likifanya kazi ya mawili, joto linaingia mpaka kwenye kalipa, mafuta ya zamani yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unakwenda mpaka sakafuni. Angalia mfuniko wa kopo umeandikwa DOT ipi, nunua chupa iliyofungwa bado, badilisha kila miaka 2. Chupa iliyokaa wazi gereji tangu mwaka jana mwachie mwenyewe. Mtu akikuambia uongeze oili ya hydroliki au ya injini kidogo "kwa leo tu", chukua funguo zako uondoke, kwa sababu mipira yote ya mfumo itavimba na bili yake utaijua. Na yasimwagike kwenye rangi, yanaila.

Wakati wa kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, yule anayekanyaga pedali asiizamishe mpaka chini. Kwenye gari lenye umri, sehemu ya mwisho ya silinda haijawahi kupitwa na mpira, ina kutu na uchafu. Ukiuzamisha mpira huko unachanika, na masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi inakufa jioni. Kipande cha ubao chini ya pedali kinatosha kuizuia. Nashuku masta silinda nyingi zinazobadilishwa zimeuawa namna hii.

Ikitokea umefanya yote hayo, joto la rimu limekuwa sawa na gari bado linavuta, acha breki, nenda kwenye bushi za mkono wa chini, ule mafundi wanauita loa amu. Bushi ikichoka, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo na kubadilisha uelekeo. Mashine ya alaimenti haioni kitu kwa sababu pale gari limesimama. Mtu akae ndani, asogeze gari mbele na kukanyaga, nyuma na kukanyaga, polepole, wewe ukitazama kwa pembeni ukiwa mbali na njia ya gari. Mkono wa upande mmoja ukicheza kuliko wa pili, umeupata.

Ukifunga, kaza nati za tairi kwa kuruka moja moja, si kwa mzunguko. Pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pistoni ulizirudisha ndani, na kukanyaga kwa mara ya kwanza huwa hakuna breki. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili. Halafu zizoeshe pedi mpya: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15, mara kama kumi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi zipoe katikati.

Siku utakayorudi Newala, kushuka weka gia namba 2 tangu juu, usisubiri mpaka ukimbizwe. Kanyaga, punguza, achia. Usiweke mguu juu ya breki njia nzima. Ukifika chini, tafuta pa kuegesha salama upime tena kwa kiganja. Rimu mbili za mbele zikikaribiana joto, breki zimekaa sawa. Na kabla ya safari hiyo, mtafute fundi bati akutengenezee trei ya kukinga maji chini ya boksi la barafu, yenye mpira mrefu unaotoa maji nje nyuma ya bampa, yasipite tena juu ya dramu zako.